Mwaka Nyumba Ilipolishinda Jembe

Watoto wa siku hizi wakizungumza uchaguzi wanazungumza rangi za vyama, bendera, na muziki unaopigwa juu ya malori. Nikiwaambia kwamba jimbo letu lilitawaliwa na jembe miaka nenda rudi, wananicheka. Wacheke tu. Enzi za chama kimoja wagombea ubunge walikuwa wawili, wote wa Chama hichohicho, na kila mmoja alipewa alama yake: huyu jembe, yule nyumba. Alama hizo zilichorwa kwenye karatasi ya kura ili hata asiyejua kusoma ajue anamchagua nani. Mgombea hakuchagua alama, alipewa. Na kwetu sisi, jimbo linaloanzia huko chini kwenye reli ya Ngerengere na kupanda mpaka vijiji vya Matombo mlimani, aliyepewa jembe alikuwa ameshapata ubunge, zilizobaki ni taratibu.

Mbunge wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa wa jembe. Aliyemtoa, jembe. Akaja mmoja ambaye kipindi chote hakukanyaga mlimani hata kwa bahati mbaya, watu wakaapa kwa Mungu na kwa mizimu kwamba uchaguzi ukija atalala na njaa. Uchaguzi ukaja, akapewa jembe, wakamrudisha. Bibi yangu mwenyewe alimpigia. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwamba yeye huweka alama kwenye kitu anachokishika kila siku. Nilitamani kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

Sasa mama yangu mkubwa, dada yake mama, yeye alikuwa na gundu la nyumba. Aligombea mara ya kwanza akapewa nyumba, akashindwa. Akagombea mara ya pili, nyumba tena, akashindwa vibaya zaidi. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule mlimani, mjane, mwanamke wa sauti ya chini ambaye mtoto akikosea darasani anatazamwa tu mpaka anajirudi mwenyewe. Alinilea yeye baada ya mama kufariki, kwa hiyo nikisema mama mkubwa, mwelewe kwamba nasema mama. Kwetu watoto ni wa upande wa mama, na ardhi ni ya upande wa mama, na ukoo, ambao wenyewe tunauita lukolo, ni wa upande wa mama. Mwanamume akioa mlimani kwetu anahamia kwa mkewe, na akikorofisha anafungashiwa virago.

Ndiyo maana kile kilichotokea mara ya pili kilimuumiza. Watu wa tambarare walimkataa, hilo alilitarajia, hawakumjua. Lakini hata kijiji chake, pale alipozaliwa, pale alipowafundisha nusu ya watu kusoma, walimkataa. Wanawake walimpigia vigelegele mkutanoni, Jumapili wakatoka misani wakaenda kuweka alama kwenye jembe. Watu wa mjini wakapata la kusema: wanawake wenyewe hawamtaki mwanamke. Hilo neno lilimfuata miaka mitano.

Alipochukua fomu mara ya tatu, mimi nilikuwa mjini Morogoro nauza mitumba sokoni. Zilikuwa siku zile biashara imefunguliwa, kila mtu anasema ruksa, maduka yaliyokuwa na chumvi na vibiriti tu yamejaa sabuni za kila harufu, na mimi na mdomo wangu huu nilikuwa nimepata kazi iliyoumbiwa mdomo. Nilisikia habari kutoka kwa mteja. Nilifunga meza yangu nikapanda mlimani kwa hasira, kwenda kumwambia aache, asitutie aibu mara ya tatu.

Nilimkuta anapukuchua maharage uani. Nikampa shikamoo, nikaketi, nikamwaga yote niliyokuja nayo. Nilisema Mheshimiwa, ndivyo tulivyomwita mbunge aliyekuwepo, ana jembe lake tayari, kila mtu anajua atapewa lile lile. Nilisema ukoo mzima utachekwa. Akaniacha nimalize, akapepeta maharage yake, halafu akasema, "Nikishindwa safari hii sitawalaumu wanaume wala alama. Nitajua mama zangu hawanitaki, na nitanyamaza. Lakini nataka kujua."

Nilimalizia naye maharage yaliyobaki. Nilirudi mjini, nikamwachia jirani meza yangu, nikamfuata mama mkubwa kwenye kampeni kijiji kwa kijiji, kwa miguu pale ambapo gari lilinikatalia.

Alama zikatolewa. Mheshimiwa jembe, mama mkubwa nyumba. Kwa kweli nilicheka, maana kulia kulikuwa kumeisha.

Kampeni za siku zile nazo zilikuwa na mambo yake. Wagombea wote wawili walipandishwa Landrova moja, wakapelekwa mkutano mmoja, wakaketi benchi moja, wakapewa muda sawasawa wa kusema. Alikuwepo msimamizi kutoka wilayani, mtu mrefu mwenye saa kubwa na kitabu cha kanuni, kuhakikisha hakuna anayetaja kabila, hakuna anayetaja dini, na hakuna anayempa mpiga kura kitu chochote, hata pipi. Fikiria mahasimu wawili wanabanana kiti cha nyuma, barabara ya Matombo inawarusha, huyu anamwangukia yule, wanaombana radhi, wakifika wanasimama kusutana. Mama mkubwa aliniambia Mheshimiwa alikuwa mpole sana ndani ya gari. Walikuwa wakigawana machungwa.

Kule Ngerengere na vijiji vya tambarare Mheshimiwa alitufunga mabao. Sitamnyima haki yake, alikuwa anajua kusema. Alipanda jukwaani na jembe halisi begani, lenye mpini mpya uliopakwa mafuta, akaliinua juu, na watu wakaitikia kwa furaha. Huyo naye alikuwa wa kwetu mlimani, mtoto wa ukoo unaojulikana, ila alikaa mjini muda mrefu. Na lile jembe alikuwa ameanza kuliamini kuliko hata wapiga kura walivyoliamini. Hakuruhusu mtu alishike. Dereva alinidokeza kwamba safarini lililazwa miguuni pake na mtu akilikanyaga anaombwa asogee. Waliomjua walisema kuna mganga alimwambia jembe lisitoke mkononi hadi kura zihesabiwe. Mimi sikumuona huyo mganga, nasimulia nilivyosikia.

Mkutano uliogeuza mambo ulifanyika kwenye uwanja ulio chini ya misheni, siku ya soko. Watu walikuwa wengi, na mizigo yao pembeni: mikungu ya ndizi, mananasi, mdalasini uliofungwa kwa kamba za mgomba. Mheshimiwa alitangulia kusema. Akainua jembe, watu wakaitikia, akaanza habari ya maendeleo aliyoyaleta. Hapo akasimama bibi mmoja, mfupi, mkongwe, khanga kifuani, akamwendea moja kwa moja mpaka mbele, akamnyang'anya jembe, akaliweka chini, akalikalia.

Watu wakaangua kicheko. Niwaeleze wasio wa kwetu. Ukoo wa bibi yule na ukoo wa Mheshimiwa ni watani. Mtani wako ana haki nawe. Atakutukana mbele za wakwe, atachukua kuku wako, msibani atajilaza kaburini akidai ujira ndipo marehemu wako azikwe. Na wewe unacheka, unamtukana na wewe, halafu unakomboa chako kwa kitu kidogo. Bibi yule alikuwa amempa Mheshimiwa zawadi kubwa kuliko hotuba yoyote, maana alikuwa amemtangazia uwanja mzima kwamba huyu ni wetu. Angecheka tu, angemwambia bibi kizee mwizi, angeahidi kumwoa, jimbo lingekuwa lake mpaka anazeeka.

Badala yake uso ulimbadilika. Akasema kwamba ile ni alama ya uchaguzi wa taifa na si ya kuchezea. Bibi akamjibu kwamba hata taifa lina watani. Watu wakacheka tena. Mheshimiwa akamwita mgambo aje amtoe bibi. Mgambo, ambaye ni mtoto wa kijiji hichohicho, akaangalia viatu vyake. Basi Mheshimiwa akainama, akashika mpini, akavuta kwa nguvu, jembe likatoka na bibi akabiringika mavumbini, miguu juu.

Kicheko kilikatika.  Mtu kumkataa mtani wake mbele ya watu, na kumwangusha, kwetu ni jambo ambalo hata jina halina. Damu ilinichemka, nikaanza kupenya watu nimfuate, na sijui ningemfanya nini, maana nilikuwa nimeshavua ndala moja. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akanishika mkono akaniambia nitulie, mama yangu amesimama.

Kweli mama mkubwa alikuwa ameinuka kwenye benchi. Alikwenda taratibu, akamwinua bibi, akamfuta vumbi mgongoni, akapiga goti moja. Mheshimiwa alikuwa amesimama pale na jembe lake kifuani, anahema. Mama mkubwa akamwambia bibi, "Mama, huyu mwenzangu amekosa. Tumekuja na gari moja, deni lake ni langu. Sema unataka nini."

Na hilo nalo ni la kwetu. Mliosafiri pamoja, mmoja akidaiwa na mtani, mwenzake anaweza kulipa. Lakini hakuna aliyetegemea mgombea amlipie mpinzani wake. Hata bibi alishangaa, akakuna kichwa. Akasema atakubali khanga aliyojitanda mama mkubwa.

Msimamizi akaruka pale alipokuwa na kitabu chake. Akasema hapana, marufuku, mgombea kumpa mpiga kura nguo ni rushwa, atamfuta jina sasa hivi. Nikajisemea moyoni, basi, tumekwisha. Akitoa khanga anafutwa, asipotoa amemkataa mtani naye, atakuwa sawa na Mheshimiwa. Nilimwona mama mkubwa anafikiri. Watu nao walikuwa wanamtazama yeye, si Mheshimiwa tena.

Akamwambia bibi kwamba kitu hana ruhusa ya kutoa, ila mwili ni wake. Bibi akaelewa haraka kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Akaenda kwenye mizigo, akachagua mkungu wa ndizi mkubwa wa kupeleka soko la mjini, akaomba wanawake wawili wamtwishe mama mkubwa. Akasema adhabu ya mtani wake ni hiyo: mwenzake wa safari abebe mkungu ule kichwani, aseme hotuba yake yote nao, na akiutua kabla hajamaliza deni linaanza upya.

Msimamizi alipekua kitabu mbele, akapekua nyuma. Akakuna shingo. Akasema hakuna kanuni inayomzuia mgombea kubeba ndizi. Akatazama saa, akasema muda wa nyumba umeanza.

Mimi nimeuza vitu maisha yangu yote, nimesikia watu wakisema maneno matamu, lakini sijasikia hotuba iliyonishinda nguvu kama ile. Kwanza hakuweza kutikisa kichwa wala kurusha mikono. Alisimama wima, mkono mmoja juu kwenye mkungu, sauti yake ileile ya chini, kiasi kwamba watu walisogea karibu ili wamsikie. Hakusema neno juu ya barabara. Hakusema neno juu ya mizigo ambayo wanawake wale walikuwa wameteremka nayo tangu alfajiri. Ya nini aseme, na mkungu uko kichwani? Alisema yeye hana ugomvi na jembe. Akasema kila aliyepo pale ana jembe lake, hahitaji kuletewa lingine na Landrova. Kisha akauliza jembe likitoka shamba linalala wapi.

Wakajibu, nyumbani.

Akauliza, na mlimani hapa nyumba ni ya nani.

Wanawake wakajibu kwa pamoja, ya mama. Msimamizi akakohoa, maana hilo lilikaribia sana habari za kabila, lakini hakuinua mkono. Wanaume nao walianza kucheka, wale waliohamia kwa wake zao, wakisukumana mabega. Jasho lilikuwa linamtiririka mama mkubwa mpaka kidevuni na shingo ilianza kutetemeka. Nilitaka kupiga kelele atue. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alikuwa ameinama kwa miaka kumi. Akasema amekuja kuomba mara ya kwanza hawakumpa, akaja mara ya pili hawakumpa, na mtoto akinyimwa na mama yake hachoki kurudi, ila siku moja huacha. Akasema leo amemaliza. Muda wake ulikuwa bado, msimamizi alimwonyesha saa. Akasema hana la zaidi.

Bibi akaenda mwenyewe kumtua, akashindwa kuufikia mkungu kwa ufupi wake, ikabidi watu wamsaidie. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka misheni. Na mimi, badala ya kufurahi, niliingiwa na hofu, kwa sababu vigelegele nilikwisha kuvisikia mara mbili kabla. Waliopiga ndio waliokwenda kuweka alama kwenye jembe.

Habari ilipanda mlima haraka kuliko gari lolote. Wiki ile, kila soko nililopita niliwakuta wanasimulia namna Mheshimiwa alivyomwangusha mtani, na kila aliyesimulia aliongeza chumvi yake. Lakini tambarare habari hiyo iliwachekesha tu. Kule kuna watu wa kila mkoa, wafanyakazi wa reli, wa mashamba na viwanda, hawana utani na ukoo wa mtu. Kura zao zilikuwa za jembe na walisema hivyo waziwazi. Mheshimiwa mwenyewe alisema mbele yangu, bila hasira, kwamba mlima unapiga kelele lakini hauna ubavu. Nilimjibu maneno ninayoona haya kuyaandika hapa.

Jumapili ya kura ilipita. Jumatatu asubuhi masanduku ya tambarare yalikuwa yameshafika kwa lori mjini, kwenye ukumbi wa kuhesabia. Tulikaa nje chini ya madirisha. Kila kituo kikimaliza kuhesabiwa, msimamizi anasoma. Jembe. Jembe. Jembe. Watu wa Mheshimiwa wakaanza kukodi ngoma. Mama mkubwa alikuwa ndani, kwenye kiti chake cha mgombea, mikono mapajani. Masanduku ya mlimani hayakuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha, Landrova ilikwama, na tukaambiwa pengine yatafika kesho yake.

Yalifika siku ileile mchana. Nilisikia nyimbo kwanza, nikadhani ni harusi. Kisha nikawaona wanakuja na barabara, askari wawili wenye matope mpaka magotini, na katikati yao mstari wa wanawake wa mlimani, kila mmoja na ngata kichwani, na juu ya ngata sanduku la kura lililotiwa lakiri. Walikuwa wameteremka nayo usiku kucha, wakipokezana, wakakataa kusubiri gari likwamuliwe. Askari mmoja alituambia kwamba aliwaomba wapumzike wakamcheka. Nililia palepale barabarani, mtu mzima mimi, muuza mitumba mwenye mdomo.

Wakaanza kuyafungua. Nyumba. Nyumba. Kituo cha misheni, nyumba, tena jembe liliambulia kura za kuokoteza. Ngoma za upande ule zikanyamaza. Ndani ya ukumbi watu walianza kunong'ona kwamba hesabu zinakaribiana, na wengine wakasema zimeshapita. Mama mkubwa hakugeuka. Nilimjua, alikuwa hasubiri hesabu ya jimbo. Alikuwa anasubiri kituo kimoja.

Kikaja karibu na mwisho, kijiji chake, shule yake mwenyewe. Msimamizi alifungua sanduku, wahesabuji wakapanga karatasi mafungu mawili, na nilipochungulia dirishani niliona fungu la nyumba linapanda na lingine kama halipo. Lile lingine lilikuwa karatasi chache, mtu angeweza kuzificha kiganjani. Msimamizi akasoma jina la kijiji, akasoma nyumba, akasoma jembe.

Mama mkubwa alikuwa hajawahi kulia hadharani, si aliposhindwa mara ya kwanza wala mara ya pili. Alifunika uso kwa khanga ileile aliyokatazwa kuitoa, mabega yakamtikisika, akawa anarudia neno moja, mama zangu, mama zangu. Wale wanawake waliobeba masanduku walimsikia kupitia dirishani, wakamwitikia kutoka nje, abee.

Hapo ndipo msimamizi alipojumlisha na kutangaza mbunge wa jimbo. Ukumbi uliripuka, nikaruka dirishani, ndala moja ikabaki nje, nikamkumbatia mama mkubwa nikimpigia kelele sikioni kwamba ameshinda, ameshinda, Mheshimiwa ni yeye sasa. Aliniuliza ameshinda nini. Hakuwa amesikia.